Ubeti Uliobaki Wazi

Mtu mmoja alijaliwa sauti. Jina lake lilikuwa Kimanzi, na sauti yake haikuwa ya kumbembeleza mtoto alale. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, ya kutoka kifuani, naye aliitia katika bendi ya metali, ule muziki wa magitaa makali na ngoma za mbio ambao wengine wetu tukiusikia tunafunga madirisha. Ninyi mnaocheka, ngojeni kwanza. Mungu hakuniuliza mimi atumie muziki gani.

Wenzake walikuwa watatu. Ndeti alipiga ngoma, Mwongeli gitaa la besi, na Nzuki gitaa la solo. Kila Jumamosi walifanyia mazoezi katika chumba cha mawe pembeni ya machimbo, kwa sababu huko mashine za kuvunja kokoto zilipiga kelele kuwashinda wao na hakuna jirani aliyelalamika. Walikuwa na desturi zao. Wimbo ukishaanza haukatizwi, hata kamba ikikatika, hata mvua ikiingia kwa dirisha. Na sehemu ya mtu haijazwi na mwingine.

Walitoa albamu moja. Watu wakaipenda, na sifa zikampanda Kimanzi kichwani. Wakiwa katikati ya kutengeneza wimbo wa kwanza wa albamu ya pili, wakabishana juu ya jambo dogo la aibu: nani asimame mbele kwenye picha. Hapo Kimanzi akawaambia neno ambalo halikustahili kutoka kinywani mwa mtu aliyekula nao sahani moja. Aliwaambia kwamba bila yeye wao ni kelele za mabati tu. Akachukua koti lake akaenda zake.

Alikwenda kuimba hotelini, nyimbo laini, watu wakila. Alilipwa vizuri na hakuna aliyemsikiliza. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, mpaka nywele zikaanza kumkimbia. Kila alipotamani kurudi, lile neno la mabati lilimsimamia mlangoni. Alijua wangemjibu nini, maana yeye mwenyewe angejibu hivyo hivyo. Basi akaanza kutunga maneno ya kuomba radhi. Aliyatunga akinyoa ndevu, akayatunga akingoja chai, akayafuta, akayapanga upya, na hayakutosha hata siku moja. Mtu anaweza kuzeeka hivyo, akijiandaa.

Kisha akasikia kwamba wale watatu wameanza kurekodi albamu yao ya pili katika chumba kile kile cha machimboni, baada ya ukimya wa miaka yote hiyo. Ilimuuma sana. Wamepata mwimbaji mwingine, alijiambia, na ni haki yao. Aliona heri aende awaombe radhi mbele ya huyo mtu mpya, kisha aondoke, ajue moja. Akapanda machimboni Jumamosi mchana, mashine za kokoto zikiwa zimezimwa siku hiyo, midomo ikimchezacheza kwa maneno aliyoyakariri.

Aliyasikia magitaa kabla hajakifikia chumba. Ulikuwa ule wimbo waliouacha njiani, ambao ulikuwa bado haujapata maneno. Akasimama nje asikilize. Gitaa la solo likanyamaza, zikabaki besi na ngoma peke yake, pale ambapo mwimbaji huingia. Hakuna aliyeingia. Ubeti mzima ukapita bila mtu, na gitaa la solo likarudi kwa kishindo. Kimanzi akadhani mwimbaji amechelewa. Ubeti wa pili ukafika, nao ukapita mtupu, umeachwa wazi kama sahani ya chakula iliyofunikwa kwa ajili ya mtu ambaye hajafika nyumbani. Hapo ndipo alipoelewa kwamba hakuna mwimbaji mwingine, na kwamba hajawahi kuwapo.

Akafungua mlango. Wote watatu wakamwona, na hakuna aliyeacha kupiga, kwa kuwa wimbo haukatizwi, na mtambo wa kurekodi ulikuwa unafanya kazi. Kimanzi akaanza kusema yale aliyotunga. Kinywa kilifunguka na kufumbika, lakini hakuna aliyesikia, hata yeye mwenyewe. Spika zilimeza kila neno. Akapaza sauti, kazi bure. Mwongeli alikuwa analia huku vidole vyake vikikimbia kwenye kamba. Ndeti, mikono na miguu yote ikiwa kazini, akanyoosha kidevu kukionyesha kipaza sauti kilichosimama katikati ya chumba. Kilikuwa kimewashwa. Kilikuwa kimeinuliwa kufikia kimo cha Kimanzi, ambaye ndiye mrefu kuliko wote.

Ubeti wa tatu ukawa unakuja. Kimanzi akakishika kipaza sauti, na yote aliyopanga yakamtoka akilini. Aliingia amechelewa. Akanguruma kwamba aliwaita kelele za mabati, kwamba alisema uongo, kwamba amewakosea, wampokee. Sauti ilimkatika katikati ya neno uongo, ikarudi imepasuka. Ubeti ukaisha, naye akabaki ameinama, anahema.

Wimbo ulipokwisha, aliwasihi wafute wote na warudie. Alitaka apewe siku chache ayaweke maneno sawa, aimbe kama mtu. Ndeti akaweka vijiti vyake juu ya ngoma, akajifuta jasho.

"Kimanzi ndugu yangu, miaka yote hii tumeupiga wimbo huu ukiwa na tundu. Leo limezibwa, nawe unataka tulitoboe tena?"

Hawakulizungumza tena jambo lile. Nzuki alimuuliza tu kama amekula.

Wimbo huo ndio uliotangulia kutoka, watu wakaukariri kabla albamu haijazinduliwa, na sauti iliyokatika imo ndani yake vile vile ilivyokatika. Siku ya kuizindua albamu ukumbi ulijaa. Kimanzi alipofika pale pa kukiri uongo wake, watu wakamtangulia, wakapiga kelele kwa pamoja kwamba walisema uongo, wamekosa, wapokewe. Wazee wenye mvi walikuwemo, na kila mmoja alikuwa na mtu wake moyoni. Tangu siku hiyo Kimanzi haanzi onyesho kabla hajashukuru. Hashukuru kwa ajili ya makofi. Anashukuru kwa ajili ya beti zile nyingi asizozisikia, zilizopita tupu Jumamosi baada ya Jumamosi, yeye akiwa mbali anaimbia watu wanaotafuna, na wenzake wakimwachia nafasi yake bila kujua kama atakuja.

Nawe unayeyapanga maneno yako mwaka huu tena, ni nani aliyekuambia kwamba wanaokungoja wanangoja maneno mazuri?