Jina la Dawa Iliyoungua

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, watu watatu walifanya kazi katika maabara moja ya dawa. Desturi yao ilikuwa hii: dawa ikifaa, aliyeistahili ndiye huipa jina, na jina huwa moja tu.

Wa kwanza ni Bi Kulthumu. Miaka tisa aliuchungulia uvimbe wa saratani akijiuliza: mbona askari wa mwili, yaani chembe za kinga, wanaufikia, kisha wanasinzia? Akagundua kwamba uvimbe hutoa kemikali iitwayo adenosini, na kila askari ana kitu kama sikio la kuipokea. Ikiingia, askari hoi. "Tulizibe hilo sikio," akasema.

Wa pili ni Tunu, muundaji wa kizibo. Akaunda, kikalegea. Akabadilisha, kikakaza, lakini ini likakisaga njiani. Akabandika mkia huku, akakata kipembe kule, mara arobaini na mbili. Dada yake, Mwanaisha, alikufa kwa saratani, na moyoni Tunu alikwisha kuiita dawa hiyo Mwanaisha.

Mara ya arobaini na tatu, siku ya Ijumaa, akaweka mchanganyiko motoni, akaenda kuswali, akanogewa na soga njiani. Kurudi, mchanganyiko mweusi tii. Akaona haya, akashika chupa aumwage.

Wa tatu, Msengi mpimaji, akamzuia. "Hapa hakimwagwi kitu kabla hakijapimwa, dada."

"Kimeungua, kaka. Utapima nini, masizi?"

"Hayohayo masizi."

Akawalisha panya wenye saratani masizi hayo. Askari wakaamka, uvimbe ukanywea, na ini likashindwa kuisaga dawa. Kumbe moto ulikibandika kizibo mikia miwili badala ya mmoja.

Siku ya kuipa jina ikafika. Bi Kulthumu akasema, "Bila mimi mngeziba nini, wanangu?"

Tunu akasema, "Nimeiunda kwa mikono hii."

"Umeiunda kwa kusahau," akasema Msengi, "na ungeimwaga. Mimi ndiye niliyeiokoa."

Maneno hayo yalimuuma Tunu, maana yalikuwa kweli. Kisha akasema polepole, "Nilisahau mara moja, kaka. Mara arobaini na mbili sikusahau."

Karatasi ya jina ipo mezani, ina mstari mmoja mtupu. Haya, nyie mnaonisikiliza: kalamu apewe nani?