Wakili wa Ngwali

Palikuwa na kadhi mmoja, mkali kama pilipili kichaa, aliyetoa amri ya ajabu. Mgonjwa wa akili haruhusiwi kusema barazani. Wala asisemewe na mtu, mpaka amchague msemaji huyo kwa kinywa chake mwenyewe. Na kinywa cha mgonjwa wa akili, kadhi akasema, hakisikilizwi.

Watu wakaitika, “Naam.” Ungesema nini?

Sasa palikuwa na fundi milango, jina lake Ngwali. Huyu alikuwa akisikia sauti. Kuna miezi anachonga mlango ukautazama ukasahau kuingia, na kuna miezi anabishana na ukuta. Katika miezi ya ukuta, tajiri Salmini akamtoa nyumbani kwake. Akasema ameinunua nyumba hiyo kwa Ngwali.

Ngwali akawa analala kwenye ukumbi wa jirani yake, Bi Chausiku, muuza vitumbua. Ulimi wa mama huyu wateja waliuogopa kuliko mafuta yake ya moto. Akamuuliza, “Ngwali, mwanangu, wewe unataka nini?”

“Nataka kulala kwangu, mama. Sauti za mle nazijua. Za huku nje sizijui.”

Bi Chausiku akajifunga kanga kiunoni, akamshika mkono, wakaenda barazani.

“Nani kakuweka wakili?” akauliza kadhi.

“Ngwali.”

“Hana akili timamu. Kumchagua kwake si kitu.”

“Bwana kadhi, naomba ulirudie hilo kwa sauti. Tajiri amekaa nyuma kule, huenda hakusikia. Kama kuchagua kwake si kitu, na kuuza kwake je?”

Salmini akaruka kama aliyekalia kaa la moto. “Siku aliyoniuzia alikuwa na akili zake zote!”

“Basi kama anazo, mimi ni wakili wake.”

“Siku ile tu! Leo hana.”

“Maradhi haya huja na kuondoka,” kadhi akamsaidia.

“Ni kweli, bwana kadhi, huja na kuondoka. Mimi ninaishi naye, nayajua. Bwana Salmini yeye alijuaje kwamba siku ile yameondoka?”

“Tulizungumza, tukaelewana. Akataja bei, nikampa.”

“Bei gani?”

Salmini akaanza kutengeneza kilemba chake.

“Jibu,” akasema kadhi.

“Sahani ya halua.”

Barazani watu wakapatwa na kikohozi.

“Nyumba ya mawe,” akasema Bi Chausiku polepole, “kwa sahani ya halua. Na wewe ukaona mtu huyu ni mzima?”

“Mzima kabisa! Ile ni bei ya mtu mwenye akili timamu. Naapa mbele ya kadhi.”

“Vizuri. Nyumba yako ni kubwa kuliko yake, nami si mtu wa kupunja. Nakupa sahani mbili. Niuzie.”

“Mama, una wazimu? Siuzi!”

Bi Chausiku akamgeukia kadhi, akainamisha kichwa kwa adabu.

“Bwana kadhi, mmoja kauza kwa sahani moja, mwingine kakataa mbili, na wote tunaambiwa ni wazima. Tafadhali nitajie mgonjwa ni yupi, nijue leo namtetea nani.”