Zimwi Aliyetaka Kujua Ufundi Unakaa Wapi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Leo mmekula muhogo au mmeunusa tu? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Na wewe Mwinyi, mwache mdogo wako. Akilia tu, hadithi naiacha hapa hapa.

Hapo kale palikuwa na mfinyanzi, jina lake Bi Nunu. Mitungi yake ilitia maji ubaridi hata jua likiwaka namna gani. Alikuwa na mwanagenzi mmoja, binti aitwaye Mboni, hana mama wala baba. Bi Nunu ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kazi. Na huyo mtoto kwa maswali, usiseme. Kutwa kucha kwa nini hiki, kwa nini kile. Bi Nunu humjibu, "Finyanga kwanza, utajua."

Basi ng'ambo ya mto alikaa zimwi. Hakuwa zimwi wa kula watu, afadhali angekuwa. Huyu alikuwa zimwi mchunguzi. Ana mizani, ana chupa, ana kitabu kikubwa cha kuandikia. Akitaka kujua kitu haulizi, anapasua.

Zimwi akataka kujua ufinyanzi. Akapima udongo, akapima maji, akapima moto. Vyungu vyake vikapasuka vyote. Akasema, "Ufundi umefichwa mahali. Nitautafuta ndani ya fundi mwenyewe."

Siku moja Mboni alikwenda kuchota udongo. Aliporudi akakuta vyungu vyote vimevunjwa, na Bi Nunu hayupo. Mboni akalia sana, maana dunia nzima mtu wake ni huyo mmoja. Kisha akafuta machozi, akaanza kutazama chini.

Akaona kichuguu kimepasuliwa katikati. Akasema, "Aliyepita hapa alitaka kujua." Akaenda.

Mbele akakuta kiota cha ndege kimefumuliwa, ujani mmoja mmoja. "Aliyepita hapa alitaka kujua." Akaenda.

Mbele tena akakuta ngoma imechanwa, kuna mtu aliyekuwa akiitafuta sauti ndani. "Aliyepita hapa alitaka kujua." Akaenda, akavuka mto, akalala njiani, na asubuhi akafika kwa zimwi.

Zimwi yuko mlangoni, mrefu kupita paa la nyumba, ananoa kisu. Mboni aliogopa, lakini adabu alikuwa nayo, si kama ninyi.

"Shikamoo."

Zimwi akaacha kunoa. Tangu azaliwe hakuwahi kuamkiwa na mtu.

"Marahaba. Unataka nini?"

"Namtaka fundi wangu, Bi Nunu."

"Yumo ndani. Jana nilimtoa mikono, nikaipasua, sikuona ufundi. Leo namtoa macho. Kesho nafungua kichwa. Lazima uwe mahali fulani."

 Mboni akachungulia ndani. Bi Nunu amefungwa kwenye nguzo, mikono hana. Zimwi aliitoa kwa dawa zake, na vidonda vimeziba.

Bi Nunu akasema, "Mwanangu, rudi nyumbani. Huyu humwezi."

Mboni alitaka kukimbia, nisiwadanganye. Lakini akauliza, maana kuuliza ndiyo kazi aliyoizoea.

"Babu, ulipofinyanga, udongo uliukanyaga?"

"Kuukanyaga? Niliupima."

"Ndiyo maana vyungu vyako vinapasuka. Kwetu mwanagenzi haambiwi kitu kabla hajakanyaga udongo. Unakanyaga mpaka mwenzako aseme uko tayari. Mimi nilikanyaga mwaka mzima. Hilo kwa kisu hulioni."

Macho ya zimwi yakang'aa kwa hamu. "Nionyeshe."

Wakaenda kwenye shimo la udongo kando ya mto, zimwi na kitabu chake. Mboni mwepesi, alipita juu juu. Zimwi mzito kama ghala la mahindi. Mboni akamwaga maji, zimwi akakanyaga. Udongo ukamfika magotini. Akaandika.

"Uko tayari?"

"Bado, babu. Kanyaga."

Udongo ukamfika kiunoni. Akaandika.

"Uko tayari?"

"Bado, babu. Kanyaga."

Udongo ukamfika kifuani. Akaandika kwa shida, kitabu amekiinua juu.

"Uko tayari?"

"Bado, babu. Kanyaga."

Mngekuwa ninyi mngetoka zamani. Yeye kutoka hakutaka, alitaka kujua. Udongo ulipomfika kidevuni kitabu kikazama, na mkono wake haukuinuka tena.

"Uko tayari?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sasa uko tayari," akasema Mboni. Akaacha kumwaga maji, akaondoka. Jua la mchana likaukausha ule udongo, na zimwi yuko ndani yake mpaka leo.

Mboni akaikata kamba, akampeleka Bi Nunu nyumbani. Lakini mikono, wanangu, haikurudi. Iliyopasuliwa imepasuliwa.

Bi Nunu akaketi katikati ya vigae, akalia. "Mboni, kazi yangu imekwisha. Mfinyanzi bila mikono ni nini?"

 Mboni akaleta udongo, akakaa mbele yake. "Niambie, Bi Nunu."

 Bi Nunu akasema, "Tako la chungu lianze nene. Hapo, upandishe udongo. Mbona unausukuma, una ugomvi nao? Uongoze."

Chungu kikasimama. Kikakauka kivulini siku saba, kisha kikachomwa. Kilipopoa, Mboni akakigonga kwa kidole, kama wafinyanzi wanavyopima. Chenye ufa hunyamaza. Hiki kililia mlio mrefu, safi.

Bi Nunu akainama, akaweka sikio, akasikiliza mpaka mlio ukaisha.

"Maskini zimwi," akasema. "Aliutafuta kwangu, na mimi nilishakupa wewe zamani."

Hadithi yangu imeishia hapo, wala msinidai nyingine. Anayetaka kujua akae afundishwe, maana anayepasua hubaki na vipande. Haya, nendeni mkaoshe miguu.