Mkeka wa Marehemu Bi Tatu

Sogeeni. Wa mlangoni aingie ama atoke, asinizibie upepo. Leo sikuja kuwachekesha. Nimekuja na kesi, na kesi yenyewe imenikaa kooni tangu mwaka jana. Nikimaliza mtaniamulia nyinyi, na atakayesinzia ndiye nitakayemwuliza wa kwanza.

Pale Msanakani, ukuta kwa ukuta na nyumba yangu, walikaa wanawake watatu. Mkubwa wao ni Mize. Mungu kamjaalia macho ya rangi. Mletee kipande cha kanga iliyochujuka, atakwambia ilikuwaje siku ilipotoka dukani. Ukindu wa kusukia akiupika yeye rangini, mkeka unachakaa na rangi bado ipo.

Mdogo wake ni Time. Huyu kajaaliwa vidole. Anasuka ukili, ule utepe mwembamba unaotangulia mkeka, na ndani ya ukili anakutilia ua, samaki, hata jina lako ukimwandikia kwenye karatasi. Mdomo wake nao mkali kama vidole vyake, lakini hilo mtaliona wenyewe.

Wa tatu ni Siti, mke wa kaka yao. Mumewe yuko safarini miaka sasa, anatuma salamu tu. Siti anashona. Anachukua ukili kwa ukili anauunga, ukipitisha kucha juu ya mshono hupati pa kuikwamisha.

Wote watatu walifundishwa na mama mmoja, Bi Tatu binti Faki. Mabinti na mkwe, aliwafundisha kwa kofi lile lile. Mie nilikuwa shoga yake, na naapa sijaona mkono wa mkeka kama ule.

Sasa sikilizeni ada yetu, maana kesi yote imo humo. Kwetu msukaji anajisukia mkeka wake wa mwisho mwenyewe. Anaumaliza, anauviringisha, anauweka juu ya kabati. Siku yake ikifika analazwa juu yake, anabebwa nao mpaka kaburini, kisha mkeka unarudi nyumbani. Ukitimia mwaka inasomwa hitima, na mrithi mmoja anaufanya msala wake. Mmoja tu. Mkeka ukiukata unafumuka wote.

Bi Tatu alikuwa keshausuka wake. Miaka miwili aliufanyia kazi, kwa nakshi aliyoibuni mwenyewe akaiita macho ya kanga: vidoa vyeupe juu ya weusi, vidogo vidogo, ukivitazama unaona vinakutazama.

Akaja Ruzuna. Ruzuna ana duka la mapambo ya nyumba mjini: mapazia, makochi, vikapu vya kutilia nguo, vioo vyenye fremu ya makuti. Alikuja kutafuta vitu vya mikono, akauona ule mkeka juu ya kabati. Akapiga kigelegele.

"Niazimeni siku tatu," akasema. "Niupige picha tu, niurudishe."

Ukaondoka. Siku tatu zikawa wiki, wiki ikawa miezi mitano. Bi Tatu alipoanza kuumwa akatuma mtu, akaambiwa kesho. Akatuma tena, kesho. Mara ya tatu alinishika mkono, akaniita kwa jina langu, "Mwanaate, mkeka wangu." Hakusema maradhi wala dawa. Alisema mkeka wangu.

Alikufa Jumanne asubuhi. Mkeka haupo. Ikabidi utolewe wangu, niliojisukia mie kwa kimo changu, na kimo changu mnakiona. Bi Tatu alikuwa mrefu. Akalazwa, miguu ikapita nje. Siti akavua kanga yake mabegani, mbele ya watu, akamfunika mama mkwe wake miguu. Nililia kwa hasira kuliko kwa msiba, na sioni haya kulisema.

Baada ya arobaini Time akafunga safari mpaka dukani. Akaukuta mkeka umetundikwa ukutani juu ya kochi, na kibao chini yake: "Ubunifu na mkono wa Ruzuna." Na mwenyewe Ruzuna yupo, anawaeleza wateja jinsi bibi yake alivyomfundisha kusuka akiwa mtoto.

"Huu ni wa mama yangu," Time akasema. "Amekufa bila mkeka."

Ruzuna akacheka kidogo. "Pole, mwanangu. Lakini mkeka ni mkeka. Sasa mama yako atarudi kuuomba?"

Ndivyo alivyosema. Wallahi ndivyo. Kisha akamwita bawabu, Time akatolewa nje.

Basi mngedhani mtu huyo hatakanyaga tena Msanakani. Alikanyaga! Hata miezi mitatu haikupita akaja, miwani juu ya kichwa, akakaa barazani kwao. Kulikuwa na maonyesho makubwa ya kazi za mikono na mapambo ya nyumba, na jina lake limo katika wanaoshindania tuzo ya msukaji bora. Alitaka mkeka mkubwa wa kuweka mbele ya waamuzi.

"Pembeni macho ya kanga," akaagiza, "na kati rangi ya damu ya mzee tupu, bila nakshi. Watu wa siku hizi wanapenda rangi moja kati, inaendana na makochi. Nyinyi mikono ya mama yenu mnayo."

Time alisimama. Mize akamvuta nguo akakaa. "Tutakusukia, bibi," Mize akasema kwa upole. Nilikuwa nachambua mchele upande wa pili wa ukuta, na upole ule ulinitia baridi.

Alipoondoka wakafunga mlango, wakaniita. Mize ndiye aliyetoa shauri. Rangi mbili zinazofanana kwa macho, moja ya kudumu na moja ya kukimbia. Maneno yasukwe kwa ile ya kudumu, uwanja unaoyazunguka kwa ile ya kukimbia. Mkeka ukiwa mkavu, damu ya mzee tupu. Ukiguswa na maji, maneno yanabaki.

"Siku hiyo hiyo ya maonyesho tumwaibishe," Time akasema, "mbele ya hao hao anaowaringia."

Siti akasema, "Sawa. Lakini tumpe nafasi moja. Msukaji wa kweli akikabidhiwa mkeka anafanya nini?"

Sote tulijua. Analamba kidole gumba, anasugua rangi aone kama inatoka. Hata akipewa na mamake mzazi. Huwezi kujizuia, mkono unakwenda wenyewe.

"Akilamba kidole," Siti akasema, "tutakuwa tumeshindwa, na mkeka wa mama tumwachie. Asipolamba, amejihukumu mwenyewe." Wakakubaliana.

Mize akaingia jikoni. Ukindu wa maneno aliupika kwa chumvi na ndimu mpaka rangi ikanywewa. Ukindu wa uwanja aliuchovya baridi, bila chumvi, akauanika kivulini. Kufananisha rangi mbili hizo si mchezo: leo hii imezidi wekundu, kesho ile imezidi weusi. Mara tatu alimwaga yote akaanza upya. Mvuke ulimvimbisha macho akawa hatazami jua, na mikono ilibaki damu ya mzee mpaka kwenye viwiko.

Time akakaa mkekani na ukindu wake. Sasa nyinyi mnajua, ukindu husukwa ukiwa umelowekwa ulainike. Huu haukuweza kuloweshwa, rangi ingekimbia. Time aliusuka mkavu. Ukindu mkavu unakata kama wembe, na yeye alikuwa anasuka herufi, kila unyuzi kwa hesabu. Alifunga vitambaa vidole saba kati ya kumi, akaendelea. Ukimwambia pumzika anakwambia, "Mama alipumzishwa miguu nje."

Siti akachukua sindano. Kila ukili una upana wa vidole vinne, na herufi ilikuwa na upana wa mara mbili yake, nusu huku na nusu kule. Ukikosea kwa unyuzi mmoja huna neno, una mistari. Naye alishona kwa nyuma, maneno yamegeuka, na nje jua la kaskazi linachoma. Tone la jasho likidondoka kazi imeharibika. Alijifunga kitambaa kipajini na shuka kifuani, akashona siku kumi na tisa, shingo ikakataa kugeuka. Bado haigeuki vizuri.

Ruzuna akaja kuuchukua. Tuliutandaza ukumbini kwao. Sote tulimkodolea macho vidole vyake. Akapiga makofi. Akaupiga picha. Akainama, akaupapasa kwa kiganja kikavu chenye pete, akasema, "Mashaallah." Kisha akaamuru uviringishwe.

Hakulamba kidole.

Siku ya maonyesho tulikwenda wote wanne, mie na baibui langu la Idi. Ukumbi umejaa vyungu, viti vya kamba, vipepeo vya kupepea moto, taa za vibuyu. Ruzuna kasimama pembeni ya mkeka wetu kajipamba. Mwamuzi alikuwa Bi Kazija, msukaji wa vijiji vya kusini, mkono mmoja umeshapooza kwa kazi. Akainama juu ya mkeka. Akafanya nini? Akalamba kidole gumba, akasugua!

Akakitazama kidole. Chekundu.

"Rangi hii umeipika wewe, bibi?"

"Kwa mikono yangu miwili," Ruzuna akasema.

"Na ukili umeusuka wewe? Na mshono?"

"Kila kitu, kutoka mwanzo mpaka mwisho."

"Basi nileteeni kitambaa na maji."

Bi Kazija akapiga magoti akaanza kufuta, pole pole, na rangi ikafuata kitambaa. Ikaja R. Ikaja U. Watu wakasogea. Ruzuna akasema, "Aa, inatosha jamani, utaharibika," na Bi Kazija wala hakuinua kichwa. Alipofika mwisho akasimama, akasoma kwa sauti ukumbi mzima ukasikia: "Ruzuna rudisha mkeka wa marehemu."

Akamgeukia. "Bibi, hayo umeyasuka mwenyewe?"

Enyi watu! Ningeweza kufa siku ile nikafurahi. Aliitikia nini? Akisema ndiyo, amekiri. Akisema siyo, amekiri. Aliangalia huku, akaangalia kule, miwani ikamtoka kichwani ikaanguka juu ya jina lake. Mpaka leo wapambaji wa mjini wakimwona wanaulizana, "Kisharudisha?" Na mie nikilikumbuka nacheka peke yangu jikoni.

Aliurudisha siku ya tatu, kwa miguu yake, kajitanda mpaka puani. Alitaka radhi. Mize alimtazama tu. Siti alipokea mkeka. Time akamwambia, "Nenda kamwombe mwenyewe, yuko makaburini, miguu nje." Akafungiwa mlango. Msinitazame hivyo, aliyeufunga mlango ni mie.

Mngesema mambo yameisha hapo. Ndiyo kwanza yalianza. Mkeka ni mmoja, nao ni watatu.

"Mie ndiye binti mkubwa," Mize akasema. "Na bila rangi yangu yule mwanamke angeyasoma maneno hapa hapa nyumbani, siku ile ile."

"Angesoma nini?" Time akaruka. "Maneno yangetoka wapi bila vidole vyangu? Rangi tupu ingemwaibisha nani?"

"Ningeufumua mshono wangu," Siti akasema, "msingesoma hata herufi moja. Na lile sharti la kidole lilikuwa langu. Ndilo lililomhukumu."

"Siti, wewe si damu," Mize akamwambia.

"Kweli. Kanga iliyomfunika mama miguu ilikuwa ya nani?"

 Hapo Time, na ule mdomo wake, akamgeukia dada yake. "Na siku Ruzuna alipokuja kuuazima, mama kalala, nani alipanda kigoda akaushusha juu ya kabati?"

Mize alitazama mikono yake, ile yenye rangi mpaka viwikoni. Kumbe tangu siku ile tulikuwa tunalijua sote, na hakuna aliyelisema. "Mie," akasema mwisho. "Nilidhani mama atafurahi kazi yake ikionekana. Ndiyo maana niliimwaga rangi mara tatu. Nikiuswalia mkeka ule, labda atanisamehe. Nikiukosa, nitamwomba radhi juu ya nini?"

"Na mie nilitolewa dukani mikono mitupu," Time akasema. "Nilimwacha mama ukutani."

Siti alikwenda kuanika nguo.

Tangu hapo hawali sahani moja. Mkeka wameniwekea mie amana, nimpe ninayeona anastahili kabla ya hitima, na hitima ni Ijumaa. Mize kasema akiukosa haji. Time kasema Mize akiupata, yeye haji. Siti kasema akiukosa atafunga vitu vyake arudi kwao, maana atakuwa ameambiwa kuwa hakuwa mtu wa nyumba ile. Nami nikichagua mmoja, wawili wataninunia mpaka nife, na mkeka wangu umeshabeba mtu. Nani atanilaza?

Nimemcheka Ruzuna kwa furaha yangu yote, na sijamsamehe. Lakini naona bado anatudhulumu. Mkeka karudisha, nyumba ya shoga yangu imebaki vipande.

Basi huu hapa, ndio niliokuwa nimeupakata muda wote. Inukeni muutazame. Eee, na wewe umelamba kidole, nimekuona! Vizuri, mkono wako mwaminifu. Haya, aliyepika rangi, aliyesuka maneno, aliyeunga mshono: wewe ungempa nani? Sema sasa hivi, maana Ijumaa ni kesho kutwa.