Mkia wa Pofu na Mikono Mitatu

Sogeeni mkae mnaponisikia vizuri. Hadithi hii sina mwisho wake. Mwisho nitauweka mapajani mwenu, kwa hiyo asisinzie mtu akidhani atakuja kusimuliwa na jirani yake.

Hapo kale, katika kijiji cha Dzikuni huko nyikani, waliishi watu watatu, na kila mmoja alijaliwa jambo lake.

Thoya alijaliwa macho. Mnyama akipita juu ya mwamba mtupu, Thoya alijua amepita, maana aliona kijiti kilichoumwa na jiwe lililogeuzwa, upande wenye unyevu ukawa juu. Ubaya ni kwamba macho hayo hakuyapumzisha hata akirudi nyumbani. Alisoma nyayo za majirani uani kwake, akasoma nyayo za shemeji zake jikoni, na kila alizozisoma alizikuta zina nia mbaya.

Mbodze alijaliwa sikio na koo. Alikuwa mwanamke mtega ndege, na akimwita kwale, kwale alikuja mwenyewe kwa miguu yake mpaka kwenye tanzi. Kanga wa porini, wale wenye madoadoa na kelele zisizo na haya, aliweza kuwachokoza wakapiga yowe au kuwatuliza wakanyamaza. Wawindaji wanaume walimwita mama vifaranga na kumfukuza bwawani kila walipomkuta, lakini nyama yake walikuwa wa kwanza kuisifu.

Ngoka alijaliwa mkono. Upinde wake ulikuwa mgumu hata vijana wawili walishindwa kuuvuta, naye aliuvuta huku anazungumza. Alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko kifupi, na Thoya hakukipenda kicheko hicho hata kidogo.

Sasa basi. Dzikuni palikuwa na bwawa moja, na wanyama wote wa upande ule walikuja kunywa hapo. Bwawa lilikuwa na mlinzi wake, ambaye nyumba yake ilijengwa ukingoni, na yeye ndiye aliyesema nani awinde pale na lini. Mlinzi alikuwa baba yake Thoya. Alipofariki, nyumba ile alibaki nayo mjane wake, mama yake Thoya, jina lake Kadii.

Desturi ya huko ilikuwa hivi. Matanga yakiisha, mlinzi mpya ni yule atakayeleta mkia wa pofu dume. Pofu mnamjua: mkubwa kama fahali, pembe zimesokotwa, ngozi inamning'inia kooni. Mkia huo hupewa mjane wa mlinzi aliyekufa, naye kwa mkono wake mwenyewe humkabidhi anayestahili. Akimkabidhi mtu wa nyumba yake, atakaa. Akimkabidhi mwingine, atabeba chungu chake siku hiyo hiyo na kuondoka ukingoni.

Thoya alimtazama mama yake. Miguu ilikuwa imevimba, na kutoka mlangoni hadi majini alitembea akishika ukuta kisha mti wa uzio. Nyumba nyingine yoyote ingemweka mbali na maji. Basi Thoya aliapa moyoni kwamba mkia huo utakuwa wake.

Pofu alikuwapo mmoja tu, dume zee lililokwisha kuwashinda wawindaji wote wa Dzikuni. Lilitembea kwenye mawe ili lisiache nyayo. Lilikula katikati ya kundi la kanga, na mtu akisogea, kanga walipiga kelele na pofu akatoweka. Na hata waliolifikia, mishale yao haikufika ndani ya ngozi ile.

"Mtu mmoja hamuwezi," alisema Ngoka. "Twendeni watatu."

"Na mkia?" aliuliza Thoya.

"Tumpate kwanza," alisema Mbodze. "Mkia si umo mwilini mwake?"

Wakacheka wote, wakakubaliana njia, chakula, siku na kila kitu isipokuwa hilo moja. Hapo ndipo walipokosea, na walikosea kwa sababu kila mmoja alifikiri, mimi nitajua la kufanya.

Walitoka asubuhi. Thoya alitangulia, akaokota nyayo pale ambapo wenzake waliona mawe matupu. Alikata kona, akapita mfereji mkavu, akapanda na kushuka. Njia ya mkato ilikuwapo na aliijua, lakini aliwazungusha makusudi, maana alihofia kwamba Ngoka akijua pofu alipo atamtangulia. Mpaka wakasikia magoti ya pofu. Dume kubwa la pofu likitembea, magoti yake hulia ka, ka, kama mtu avunjaye kuni ndogo. Bila Thoya, wasingeisikia sauti ile.

Pofu alikuwa uwandani, na kanga wamemzunguka. Mbodze alilala kifudifudi, akaanza kulia kwa sauti ya jike la kanga aliyeona chakula. Kanga mmoja aliinua shingo. Mbodze akalia tena, akatupa punje za mtama, na kundi zima likamwendea likidonoa bila wasiwasi. Thoya alimtazama kwa pembe ya jicho akawaza: mwanamke anayeweza kuwadanganya kanga namna hii, mimi atanishindwaje? Lakini bila Mbodze, pofu angekuwa amekwisha kwenda.

Ngoka alipiga goti moja, akavuta upinde, na mshale wenye sumu ukazama nyuma ya bega la pofu mpaka kwenye manyoya. Bila Ngoka, ngozi ile isingetoboka.

Pofu alikimbia. Na hapa kuna desturi nyingine ya Dzikuni, shikeni vizuri. Mnyama akipigwa mshale wa sumu, wawindaji hawamfuati. Huchomeka upinde ardhini, wakakaa chini hapo hapo wakiwa wamepeana migongo, wakanyamaza mpaka kivuli cha upinde kigeuke upande wa pili. Huko ndiko kulinda damu. Anayeinuka kabla ya kivuli hana haki katika mnyama huyo, hata ukwato.

Wakachomeka upinde wa Ngoka, wakakaa, migongo imegusana. Thoya alisikia pumzi za wenzake akajua hawana amani. Alijua pia kwamba pofu mwenye sumu hukimbilia maji, na upande ule maji yalikuwa mto wa mpakani. Akivuka, ni nyama ya watu wa ng'ambo. Akianguka ukingoni, wa kwanza kumfikia atakuwa na kisu na mkia. Ngoka ana miguu mirefu. Mbodze anatambaa bila kusikika. Mama ana miguu iliyovimba.

"Ninakwenda haja," alisema Thoya.

Alitembea polepole mpaka vichaka vikamficha, kisha akapiga mbio hadi kivukoni, akasimama kwenye tope jekundu akingoja. Haukupita muda, pofu akaja. Alipomwona Thoya mbele yake, akasita, akageuka, akauacha mto na kukimbilia msituni.

Thoya alishika kichwa. Msitu ule ulikuwa wa miiba mitupu, na mnyama akiingia humo fisi ndio watakaogawana. Lakini kabla pofu hajafika, kundi la kanga lilifumuka kutoka kwenye majani pembezoni mwa msitu, likapiga yowe usoni pake. Katikati ya mabawa yale aliinuka Mbodze, miiba imejaa nguoni. Pofu akageuka tena.

Akarudi uwandani anayumba. Na kutoka kwenye nyasi ndefu akainuka Ngoka, upinde mkononi, mshale kwenye kamba. Thoya, aliyekuwa akija mbio nyuma ya pofu, alisimama kama aliyepigwa na radi. Mshale ulielekea upande ambao yeye na pofu walikuwa wamenyooka mstari mmoja, na kwa muda wa kumeza mate hakujua ni nani kati yao anayelengwa. Kisha Ngoka akaachia. Pofu akachukua hatua chache, akaanguka juu ya nyasi zilizolala, pale pale walipokuwa wameketi wakipeana migongo. Upinde wa kivuli ulikuwa bado umesimama. Kivuli hakikuwa kimegeuka.

Walikusanyika wakihema.

"Haja gani inayomfikisha mtu mtoni?" aliuliza Ngoka.

"Na wewe, huo upinde wa pili ulikuwa umeuficha wapi?" alijibu Thoya. "Mshale ule ulikuwa wa nani, wa pofu au wangu?"

Ngoka akacheka kile kicheko chake kifupi. "Si umemwona aliyeanguka?"

"Mimi niliinuka kuwatazama nyinyi," alisema Mbodze, akichomoa mwiba kiganjani. "Na kanga wale niliwarusha makusudi."

"Uliwakanyaga tu dada, usitupige changa la macho," alisema Thoya.

"Na wewe ulisimama kivukoni ili kumrudisha, ama ulikuwa unamngoja na kisu?"

Kisu kilikuwa mkononi mwa Thoya bado, na alikirudisha alani taratibu kana kwamba wenzake hawaoni.

Wakatazamana, na jambo lenyewe likawaingia polepole. Kama Thoya angekaa, pofu angevuka mto. Kama Mbodze angekaa, angepotelea msituni. Kama Ngoka angekaa, angewapita na kwenda zake. Nyama ile waliipata kwa sababu hakuna hata mmoja aliyemwamini mwenzake, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna hata mmoja mwenye haki nayo.

"Tuseme tulikaa," alisema Ngoka.

"Tulikaa," alisema Mbodze.

"Tulikaa," alisema Thoya, na papo hapo akaanza kuwaza ni nani kati yao atakayesema wa kwanza.

Wakapiga pembe, watu wakaja na visu na vikapu, nyama ikakatwa, na mkia ukatolewa mbele ya wote. Sasa aubebe nani? Akiubeba Thoya, wenzake walimkazia macho. Akiubeba mwingine, Thoya aliona giza. Mwishowe waliushika wote, mikono mitatu juu ya mkia mmoja. Na kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake awe nyuma yake, walirudi wakiwa sambamba kwenye njia ya mtu mmoja, wawili wa pembeni wakikwaruzwa na vichaka mpaka nyumbani. Watu walicheka. Wao hawakucheka.

Kijiji kilikuwa kimejaa ukingoni mwa bwawa. Kadii alitolewa nje akakalishwa kwenye kigoda, na chungu chake kilikuwa karibu naye, kimefungwa kamba tayari.

"Semeni," alisema Kadii.

Thoya alisema, "Mama, mimi ndiye niliyemwona. Bila macho yangu wangeona mawe."

Mbodze alisema, "Mama, mimi ndiye niliyewatuliza walinzi wake. Bila sauti yangu angekimbia kabla upinde haujavutwa. Wanaume hawa hunifukuza hapa kila siku, na leo wamekula kwa koo langu."

Ngoka alisema, "Mama, mshale wangu ndio uliomwangusha. Kuona na kuita havijawahi kujaza chungu."

"Na damu mliilinda?" aliuliza Kadii. "Mlikaa?"

"Tulikaa," walijibu kwa pamoja, haraka mno.

Thoya aliyaona macho ya mama yake yakishuka, na akakumbuka kwa hofu ni nani aliyemfundisha kusoma nyayo. Bibi yule alitazama miguu ya mwanawe, yenye tope jekundu la kivukoni mpaka kwenye vifundo. Akatazama nguo ya Mbodze, yenye miiba ya msitu ule. Akatazama magoti ya Ngoka, yaliyopakwa kijani na nyasi ndefu. Kisha akamrudia Thoya, akamtazama usoni.

Thoya alitaka kusema. Alifungua kinywa. Akawaona wenzake wamefungua vyao pia, kila mmoja akingoja kusikia mwingine anaanzaje, basi akakifunga.

Kadii akanyoosha mkono. "Nipeni," alisema. Mikono mitatu ikaachia, na wa Thoya uliachia mwisho.

Mama yule amesimama sasa, mkia mkononi, mkono mwingine umeshika ukuta. Nyuma yake kuna maji, miguuni pake kuna chungu. Akimpa mwanawe, kijiji kitasema amejipa mwenyewe. Akimpa Mbodze au Ngoka, ataondoka kwa miguu ile, na atakuwa amempa mtu aliyeinuka sawasawa na mwanawe. Na akiurusha mkia majini kwa sababu wote waliinuka, bwawa litakosa mlinzi, na pofu aliyelisha kijiji kizima atakuwa amekufa mikononi mwa watu wasio na haki naye, ilhali wangekuwa na haki asingepatikana.

Mimi namwacha hapo hapo amesimama. Msimchoshe, miguu inamuuma. Wewe hapo, na wewe uliyejificha nyuma ya mwenzako: mkia ni mmoja na mikono ni mitatu. Je, ungekuwa Kadii, ungeuweka mkononi mwa nani?