Namba Mbili za Bi Semeni

Kabla hujaituma hadithi hii kwa mwenzako, isome mwenyewe mpaka mwisho.

Kilosa palikuwa na fundi mmoja wa kushona, Bi Semeni, aliyeshona sare za shule kwa cherehani cha kukanyaga mpaka magoti yakaanza kumgomea. Siku moja akaona kwenye simu tangazo la duka la mjini Morogoro: cherehani cha umeme, kipya kabisa, shilingi elfu tisini na tano.

Mumewe, Mzee Chamwela, mstaafu wa reli asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano, alisema wanunue sita.

Bi Semeni alikataa. Alijua vyerehani vile huuzwa laki tisa na nusu. Akapiga simu dukani kuuliza kama bei haikukosewa. Mhudumu akamjibu kwamba bei ni hiyo anayoiona, na kama hana fedha asiwapotezee muda. Basi akaandika namba ya kadi yake ya benki, akalipia kimoja. Siku ya tatu kikafika kwa basi, risiti imebandikwa juu ya boksi.

Mzee Chamwela alinuna siku mbili kwa ajili ya vile vitano.

Wiki iliyofuata Bi Semeni alikwenda kununua kitambaa cha sare. Muuzaji akapima, akakata mita arobaini, akakunja. Kadi ikakataa. Ikajaribiwa tena, ikakataa tena. Foleni nyuma yake ikaanza kukohoa. Alipofungua simu akakuta ujumbe wa benki: lile duka la Morogoro lilikuwa limechota laki nane na elfu hamsini na tano asubuhi ile, bila hata salamu.

Fedha zile zilikuwa za wazazi, waliotanguliza malipo ili watoto wapate sare kabla shule hazijafunguliwa. Uso ulimwiva kwa aibu. Akamwachia muuzaji kitambulisho chake ili kitambaa kisiuzwe, akapanda basi la Morogoro.

Mwenye duka, Bwana Dachi, alimpokea vizuri, akamwagizia soda. Akamweleza kwamba sifuri moja ilipotea kwenye kompyuta, naye amechukua kilicho chake tu. Wateja wengine thelathini walionunua kwa bei ile nao amewafanyia vivyo hivyo.

"Ulikuwa na namba zangu mbili," Bi Semeni alimwambia, "ya simu na ya kadi. Mbona ulibisha hodi kwenye ile isiyoweza kukujibu?"

"Ningekupigia ungekataa."

"Hukuniuliza. Umejiuliza mwenyewe, ukajijibu mwenyewe."

Aliiacha soda haijafunguliwa, akaenda benki na risiti yake. Benki ikaona kwamba fedha zimetolewa bila ridhaa ya mwenye kadi, na baada ya siku tisa zikarudi zote. Wale wenzake thelathini nao walilalamika. Benki ikalifungia duka kupokea malipo ya kadi. Bwana Dachi aliyekuwa akiuza nchi nzima akawa anakaa mlangoni kumngojea anayepita.

Mwezi ulipokwisha, alifunga safari mwenyewe mpaka Kilosa, akiuliza nyumba ya Bi Semeni kila njia panda. Alipofika aliketi kwenye benchi, akaomba radhi kwanza. Kisha akasema kosa la bei lilikuwa lake na hana cha kudai. Amekuja kuomba tu, na hata akinyimwa hatalalamika.

Ndani, Mzee Chamwela alisikika akiomba dua anyimwe.

Bi Semeni alianza na laki tatu. Bwana Dachi akaomba saba. Wakavutana kama watu wanaouziana mbuzi, mpaka wakakubaliana laki tano, nusu siku ile na nusu mwezi unaofuata.

"Sasa geukia ukutani," Bi Semeni alisema.

Bwana Dachi akageuka kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, Bi Semeni akifungua fundo la fedha kiunoni mwake, mpaka alipoambiwa basi. Akapokea fedha, akazihesabu, akauliza:

"Mama, benki ilikupa haki na risiti unayo. Kwa nini unanilipa?"

"Siku ile nilipopiga simu nilikuwa nataka kuambiwa ukweli," alijibu. "Ndiyo kwanza umekuja kuniambia."

Bwana Dachi hakurudi dukani siku ile. Alianza kuwazungukia wale thelathini, mmoja baada ya mwingine, yeye mwenyewe. Ishirini na wawili walipatana naye wakamlipa. Wanane walimpa chai tu, naye akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Funzo: Haki yako ukiiombea mlangoni, mwenyeji huitoa na kukusindikiza, ukiifuata kwa kupitia dirishani, hata kama ni yako, utaitwa mwizi.