Sikio la Pelatia

Kikulacho ki nguoni mwako. Ndivyo nilivyomwambia shangazi yenu asubuhi, nanyi mkanikodolea macho kana kwamba nimemtukana. Sikumtukana. Kaeni niwaambie methali hii ilitoka wapi, kwa jinsi nilivyosimuliwa na marehemu babu yangu, mtu ambaye hakuamini hata kivuli chake.

Zamani hizo Wayahudi walitawaliwa na makuhani wao, na Kuhani Mkuu aliitwa Malkiya. Kiti alikirithi kwa baba yake, na baba alikuwa amekipata kwa kuwaua ndugu zake. Mtoto wa nyumba kama hiyo atapataje usingizi? Chakula alionjewa, maji alionjewa. Aliyemwamini ni mmoja tu, Hashumu, mtunza mavazi wa ukoo wa makuhani, aliyemvisha na kumfunga mshipi kila asubuhi.

Malkiya alikuwa na mdogo wake, Pelatia. Huyo ndiye aliyewekwa kushika nafasi yake iwapo angepatwa na unajisi siku ya ibada. Pelatia naye akishindwa, zamu ilikuwa ya mwana wa Hashumu. Hilo Malkiya hakulitia akilini, mjinga yule.

"Bwana wangu," Hashumu alimnong'oneza siku moja akimfunga mshipi, "jana Pelatia alikula na wakuu wa jeshi."

"Walizungumza nini?"

"Sijui. Waliponiona walinyamaza."

Kesho yake akaleta neno jingine, keshokutwa jingine. Fitina haina haraka. Mwisho Malkiya akashindwa kuvumilia. Kumwua ndugu yake aliogopa, lakini Torati ilimkataza mwenye kilema kuhudumu madhabahuni, basi akaamuru Pelatia akatwe sikio. Ndugu wa tumbo moja, wajukuu zangu. Naona uchungu hata kulisema.

Ikafika Siku ya Upatanisho, siku ambayo Kuhani Mkuu peke yake huingia Patakatifu pa Patakatifu kuwaombea watu. Hashumu akamvisha kitani nyeupe, akamfunga mshipi. Walipofika katika ua wa hekalu mbele ya wazee, mzee mmoja akaona mshipi umetuna ubavuni, akaomba ufunguliwe. Ulipofunguliwa, mjusi aliyekufa akaanguka.

Wazee wakarudi nyuma. Aliyeguswa na mzoga wa mjusi ni najisi hadi jioni, na ibada haingojei jioni.

"Mwiteni ndugu yangu," Malkiya alisema.

"Ndugu yako ana kilema," mzee akamjibu. "Nani alimtia, unajua mwenyewe."

Akabaki mwana wa Hashumu. Na mavazi ya kipimo cha kijana huyo, Hashumu alikuwa nayo tayari mkononi, yamekunjwa vizuri. Hapo ndipo Malkiya alipomtazama kwa mara ya kwanza kama anavyotazamwa adui. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kijana akaingia, watu wakasema Mungu amechagua, na kiti hakikurudi tena katika nyumba ya Malkiya.

Malkiya alimkuta Pelatia nje ya lango, kitambaa kimefungwa kichwani.

"Nisamehe, ndugu yangu. Wewe ndiye niliyekuwa nakuogopa."

Pelatia akagusa kitambaa pale sikio lilipokuwa.

"Mimi, kaka, ulinizuia hata kuvuka kizingiti chako. Yule ulimwinulia mikono kila asubuhi akufunge mshipi. Kikulacho ki nguoni mwako."